Hakuna Nchi Hii

Babu Ambilikile alikuwa karani wa posta Tukuyu
miaka thelathini na mmoja,
mvua ikipiga bati naye akigonga muhuri
hata usijue ipi mvua, upi muhuri.
Hakuwahi kuvuka Makambako.
Ila alikuwa na kopo la biskuti
na ndani yake, nchi mia mbili na kitu.

Moja ilikuwa na pembe tatu.
Aliinunua kwa Karsan fundi saa
kwa mkungu wa ndizi na jogoo mwenye kuchechemea,
mwaka ule Karsan alipofunga duka akahama.
Ngamia, mtu juu ya ngamia,
na herufi tano: OBOCK.
"Oboki," alitamka Babu, kama anayetaja shemeji.

Alinisimulia tukimenya maharage mabichi.
Mfaransa aliinunua pwani hiyo ya Waafari
kwa reali elfu kumi, kisha akaisahau
miaka ishirini na ushei,
kama mtu anunuaye shamba mnadani
asirudi hata kung'oa kwekwe.
Meli zake zilipotaka makaa ya mawe
akakumbuka kumbe ana mahali.
Akaleta gavana, bendera, gereza,
na stempu.
Gundi haijakauka sawasawa
wakaona ng'ambo ya ghuba, Jibuti, kunafaa zaidi.
Wakahama.

"Na wenyeji je?"
Babu alimenya maganda matatu kabla ya kujibu.
"Wao hawakuwa wamekuja. Wangehamaje?"

Darasa la saba, baridi ya Juni, swali la nne:
Taja makoloni matano ya Wafaransa barani Afrika.
Niliandika Senegali, Dahomei, Gaboni, Chadi,
na la tano, kwa mwandiko wa kujidai, Oboki.
Mwalimu Sanga alikata kwa kalamu nyekundu
hadi karatasi ikatoboka:
HAKUNA NCHI HII.

Nilimpelekea Babu, machozi na kamasi.
Aliisoma mara mbili, akacheka mpaka miwani ikateleza.
"Mwalimu wako yuko sahihi. Hakuna.
Hata hapa unapolilia hakuna."

Akanishika mkono tukapanda hadi bomani,
ukungu wa Rungwe ukitutangulia kama mbwa.
Akagusa jiwe la ukuta.
"Hapa Mjerumani alipaita Langenburgi Mpya.
Ile ya kwanza ilikuwa kule chini, ziwani.
Homa iliwala, wakasema tuhame.
Bibi yangu alipewa mlango abebe.
Si mlango mzima: bawaba, kitasa,
na ufunguo uliomning'inia shingoni.
Siku nne za kupanda.
Alipofika akaambiwa
ufunguo huo si wa mlango huo."

Hakucheka safari hii. Mimi ndiye niliyecheka,
nikaona jicho lake, nikaacha.

Alipofariki nilirithi kopo.
Nyuma ya ukurasa wa pembe tatu, kwa penseli,
mwandiko ule ule wa kuandika hundi za watu:

*Nchi ilipofutika, kibandiko kilisazwa,*
*Mkubwa alipochoka, kiti chake kikauzwa,*
*Udongo haukutoka, kwani haukuulizwa,*
*Nami nimekipachika, kisije kikapuuzwa.*

Mwaka jana, ada ya mtoto iliponibana,
nilimpelekea mnunuzi mmoja Mbeya, karibu na Mwanjelwa.
Aliitazama kwa lenzi, akaigeuza, akainusa.
"Hii bandia, mama."
"Stempu," nikamuuliza, "au nchi?"
Alirudisha noti zake mfukoni, akaomba chai.

Ada nililipa kwa mahindi.
Pembe tatu nimeirudisha koponi,
ngamia wake hajafika popote bado.
Usiku, mvua ikigonga mihuri juu ya bati,
huwa najiuliza jambo moja tu:
kule Oboki, siku ya kuhama,
mama gani alibebeshwa bawaba,
na ufunguo wake aliutupa wapi.